Alinipa au Alinipaka

Programu yangu ilipoendeshwa kwa mara ya kwanza ilitamka neno moja tu: someFunc. Ilikuwa Agosti 2023, saa nne za usiku, nyumbani kwetu Mulongwe, Uvira. Umeme ulikuwa umerudi jioni ile baada ya siku mbili, na mama alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu aone ni kitu gani kinachoninyima usingizi.

"Inasema nini?" akauliza.

"Inasema 'kazi fulani', mama."

"Kazi gani?"

"Bado sijaiambia."

Mama akacheka, akaenda kulala. Mimi nilibaki na swali lake. Nilikuwa nimeanza kuunda programu ndogo kwa kutumia kiolezo, yaani mradi mtupu uliokwisha pangwa na wengine, ambao mtu huuchukua na kuujaza yake. Nilidhani kujaza kungekuwa kazi ya jioni mbili. Kulichukua likizo nzima, na sehemu kubwa ya muda huo sikuwa naandika msimbo. Nilikuwa najibu maswali ambayo ningepaswa kuyajibu miaka miwili kabla, nilipoharibu maneno ya shangazi yangu.

Mwaka 2021, nikiwa mwaka wa pili, tulipewa zoezi la kukusanya masimulizi ya mdomo na kuyanukuu. Nilirudi nyumbani likizoni, nikamrekodi shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeuza ndagala Kalundu, kwenye bandari ya Uvira, tangu usichana wake. (Ndagala ndio dagaa, kwa wenzangu wa pwani.) Alinisimulia kwa asubuhi tatu, simu yangu ikiwa juu ya ndoo iliyofunikwa, sauti za wapagazi zikiingia na kutoka. Kiswahili chake kilikuwa hiki chetu cha kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Alisema, kwa mfano, "Batu benye banauzaka ndagala banaamukaka saa tisa ya usiku." Kwa Kiswahili cha vitabuni: watu wanaouza dagaa huamka saa tisa usiku.

Msomaji wa kitivo chetu ataona mara moja mambo matatu katika sentensi hiyo. Ngeli ya watu inachukua ba- mahali pa wa-. Urejeshi unabebwa na benye. Na mazoea, ambayo Kiswahili sanifu huyaonyesha kwa hu- mwanzoni mwa kitenzi, yanaonyeshwa kwa -ak- karibu na mwisho: banauzaka, banaamukaka. Kipashio hiki hakikuzuka Uvira kwa uvivu wa midomo. Kirundi cha ng'ambo ya mpaka kina -ag- yenye kazi inayokaribiana na hiyo, Kilingala kina nasalaka, na A. E. Meeussen, katika kazi yake ya 1967 ya kuiunda upya sarufi ya Kibantu cha kale, alikiweka kipashio cha namna hiyo katika lugha mama yenyewe. Shangazi hakuwa anakosea Kiswahili. Alikuwa anatumia kitu cha kale kuliko shule zote zilizomfundisha mtu yeyote kusema hu-.

Hayo nayajua leo. Mwaka 2021 niliyajua nusu, na nusu ile haikunitosha. Baada ya kunukuu nilitazama kurasa zangu nikaona haya. Niliogopa kwamba mwalimu atasoma batu na bitu adhani sijui kuandika. Basi nikafungua faili, nikatumia ile amri ya kutafuta na kubadilisha. Batu ikawa watu. Bitu ikawa vitu. Kisha nikaamuru kila neno linaloishia kwa aka liishie kwa a, ili alikuwaka iwe alikuwa na banauzaka iwe banauza, ambayo ningeigeuza baadaye kuwa wanauza. Nikabonyeza mara moja, faili nzima ikabadilika.

Kompyuta ilitii. Mwaka ukawa mwa. Haraka ikawa hara. Mpaka ukawa mpa. Baraka, mji ulioko kusini mwetu ufukweni mwa ziwa hilo hilo, upande wa Fizi, ukawa Bara. Niliyaona makosa hayo, nikacheka, nikayarekebisha moja moja kwa mkono. Nikahifadhi faili kwa jina lile lile. Kisha, kwa kuwa simu ilikuwa imejaa na kazi ilikuwa imekwisha, nikafuta rekodi. Zoezi lilipata alama nzuri.

Shangazi alifariki Novemba 2022. Siku ya kuondoa kilio binti yake aliniomba nisome kile alichonisimulia mama yake. Nilikuwa nayo kwenye simu. Nikasimama mbele ya watu, chini ya turubai, nikasoma: "Kabla sijaenda sokoni, mama alinipa mafuta, akaniambia nisirudi nyuma." Hiyo ndiyo ilikuwa asubuhi yake ya kwanza Kalundu, akiwa na miaka kumi na mbili. Niliendelea ukurasa mzima. Watu walisikiliza kwa heshima, lakini hakuna aliyecheka mahali ambapo shangazi mwenyewe alipokuwa akisimulia watu walicheka.

Nilipomaliza, binamu yangu alinivuta pembeni. Hakuwa na hasira. Alisema tu, "Dada, hii haiko sauti ya mama. Ni ya mwalimu. Mama hakusemaka hivi." Kisha akauliza: "Na yale mafuta, alimupa ya kuuza, ao alimupaka?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaona sina jibu. Faili yangu ilisema alinipa. Lakini faili yangu ilikuwa imepitiwa na amri ile. Kama shangazi alisema alinipaka, amri ilikata ka ikaacha alinipa, neno zima, safi, lisilo na kovu. Mwa na hara yaliniita niyarekebishe kwa sababu si maneno. Alinipa halikuniita, kwa sababu ni neno. Nililipita nikidhani limetoka kinywani mwake.

Tofauti si ndogo kwa familia yetu. Ikiwa bibi alimpa mafuta ya mawese akauze, basi ule ndio mtaji wa kwanza, na biashara iliyosomesha watoto saba ilianzia mkononi mwake. Ikiwa alimpaka mafuta, basi ni mama anayemwandaa mtoto kwa siku ngumu. Binamu yangu alitaka kujua alizikwa mtu wa aina gani, aliyelelewa na mtu wa aina gani. Nami ndiye niliyekuwa nimekaa naye asubuhi tatu.

Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa wazo la programu: chombo kidogo kitakachopitia nukuu, kitafute vitenzi vyenye -ak- ya mazoea, kivionyeshe, na kisiguse chochote. Nilitaka kiwe programu ya mstari wa amri, ambayo haina madirisha wala vitufe. Unaiandikia amri kwa maneno, nayo inakujibu kwa maneno. Programu za namna hiyo ni nyepesi, zinafanya kazi kwenye kompyuta kuukuu kama yangu, na zikishasakinishwa hazihitaji intaneti, kitu ambacho Uvira tunakinunua kwa mega na kukihesabu.

Haskell niliichagua kwa sababu ya somo moja la isimu ya kompyuta. Mwalimu alituonyesha Grammatical Framework, mfumo wa kuandikia sarufi ulioasisiwa na Aarne Ranta na kuandikwa kwa Haskell. Katika maktaba yake ya sarufi kuna Kiswahili, na mwaka 2020 watafiti walichapisha kazi ya kuingiza Kinyankore na Kikiga vya Uganda kwa mfumo huo huo. Nilivutiwa kuona viambishi vya Kibantu vikiandikwa kama funksheni. Lugha za kifunksheni zina tabia moja inayomfaa mwanaisimu: funksheni safi hupokea kitu na kutoa kitu kipya, bila kukibadilisha kile ilichopokea. Ukiipa neno lile lile mara mia, itakupa jibu lile lile mara mia. Nilipoisikia sentensi hiyo darasani nilifikiria faili yangu ya 2021, iliyopokea maneno ya mtu na kuyameza.

Kiolezo nilikipata kwa amri moja, stack new mazoea. Stack ni chombo cha kusimamia miradi ya Haskell, na mazoea ndilo jina nililoupa mradi. Mara folda ikajaa: app/Main.hs, src/Lib.hs, test/Spec.hs, package.yaml, README, leseni, na faili ya kuandikia mabadiliko. Sikuwa nimeandika herufi hata moja, na tayari nilikuwa na nyumba yenye vyumba. Ndiyo faida ya kiolezo, na ndiyo hatari yake. Mtu huingia akaanza kulala bila kuuliza kwa nini dirisha liko upande huu.

Sisi wa isimu tunavijua violezo. Tunapochambua kitenzi cha Kibantu tunachora nafasi: kiambishi cha nafsi, cha njeo, cha mtendwa, mzizi, viambishi vya mnyambuliko, kiishio. Tunapokwenda kukusanya msamiati tunabeba orodha. Orodha ya Morris Swadesh ya 1952 inauliza neno la theluji na neno la barafu, na mtafiti asiyefikiri atamuuliza hayo mvuvi wa Kalundu, kisha ataandika kwamba lugha yake ina upungufu. Kwa hiyo niliamua kukisoma kiolezo cha Haskell kama ninavyopaswa kuisoma dodoso. Kwa kila sehemu nilijiuliza: aliyeiweka hapa alidhani nini?

Nilianza na mgawanyo wa app na src. Katika Lib.hs unaweka funksheni, yaani fikra zenyewe. Katika Main.hs unaweka mawasiliano na dunia: kusoma faili, kuandika kwenye skrini. Haskell inatambua tofauti hii hata katika aina za funksheni zake. Ile inayogusa dunia ina alama ya IO, na isiyo na alama hiyo haiwezi kugusa. Mwanzoni niliona ni urasimu. Kisha nikaona kwamba ndio mgawanyo wa kazi yetu. Alichosema shangazi ni upande mmoja. Ninachosema mimi juu yake ni upande wa pili. Mwaka 2021 niliweka pande zote mbili kwenye faili moja, na wa pili ukaula wa kwanza.

Lakini nisiipambe lugha hii kupita kiasi. Programu yangu ilisoma nukuu kutoka upande mmoja na kutoa matokeo upande mwingine, nami niliiendesha kwa kuandika mazoea-exe, kisha alama ya kuingizia na jina la faili, kisha alama ya kutolea na jina la faili ya matokeo. Usiku mmoja, nikiwa na usingizi, niliandika jina lile lile pande zote mbili. Terminali huifungua faili ya kutolea na kuifuta yote kabla programu haijasoma hata neno. Nikabaki na faili yenye ukubwa wa sifuri. Bahati njema ilikuwa nakala tu. Usafi wote wa funksheni zangu haukunisaidia, kwa kuwa kosa lilitokea nje ya mlango wao. Kesho yake nilizipa faili za nukuu ruhusa ya kusoma tu, ili hata mimi nisiweze kuziandikia kwa bahati mbaya, na nikaweka nakala kwenye diski iliyoko kwa jirani, nyumba ya juu. Mulongwe ni mtaa, na pia ni mto. Ulipofurika Aprili 2020 tulijifunza kutoweka kila kitu chini ya paa moja.

Nikaenda kwenye test. Kiolezo kilikuwa kimeniwekea jaribio tayari. Nikaliendesha, nikaambiwa limefaulu. Nilifurahi kwa dakika moja, hadi niliposoma ndani: jaribio lenyewe lilikuwa linaandika tu kwamba majaribio bado hayajatengenezwa, kisha linafaulu. Nilikumbuka alama yangu nzuri. Kazi ile nayo ilifaulu kwa sababu hakuna aliyeuliza kitu ambacho ingeweza kukishindwa.

Basi niliandika majaribio kumi na mawili. La kwanza: mwaka si mazoea. La pili: mpaka si mazoea. Haraka, baraka, sadaka, shaka. Kisha vitenzi ambavyo aka ni sehemu ya mzizi wake: anataka, inawaka, anasaka. Kisha vile ambavyo ndivyo: banauzaka, alikuwaka, banaamukaka. Kila neno katika orodha lilikuwa kosa nililowahi kulifanya au neno nililowahi kulikata. Sijawahi kuandika ungamo refu kuliko faili ile.

Nilipofika kwenye alinipaka nikasimama. Kwa nafasi za kitenzi, herufi hizi zinakatika kwa njia mbili. Ya kwanza ni a-li-ni-p-ak-a: mzizi ni ule wa kupa, -ak- ni ya mazoea, na maana ni kwamba alikuwa akinipa mara kwa mara. Ya pili ni a-li-ni-pak-a: mzizi ni wa kupaka, hakuna mazoea, na maana ni kwamba alinipaka siku ile. Kiolezo cha kitenzi kinaziruhusu zote mbili. Kuwaka nako kuna tatizo hilo: ni kushika moto, au ni kuwa kwa mazoea. Hakuna kanuni ya herufi itakayoamua. Muktadha unaweza, wakati mwingine. Msemaji anaweza, ukimuuliza angali hai.

Mpaka hapo funksheni yangu ilikuwa inajibu ndiyo au hapana. Nikaibadilisha. Katika Haskell unaweza kuunda aina yako mwenyewe na kutaja hali zake zote, nami niliandika hivi: data Hukumu = Mazoea | SiMazoea | Sijui. Ni mstari mmoja, na ndio mstari ninaoupenda kuliko yote niliyoiandikia kompyuta. Kisha nikaiamuru kompaila ijenge programu.

Ikajenga, lakini ikanipa onyo. Package.yaml ya kiolezo kile huja na maonyo mengi yakiwa yamewashwa, na sikuwa nimeyazima. Onyo lilisema kwamba kuna sehemu ya programu ambako nimeeleza la kufanya na Mazoea, nimeeleza la kufanya na SiMazoea, na sijaeleza la kufanya na Sijui. Ilikuwa ile funksheni ya kuchapisha matokeo. Nilikuwa nimekubali kwamba kuna nisichokijua, halafu nikasahau kukipa nafasi kwenye ukurasa.

Nilikaa nikiitazama skrini. Mtu asiyenijua, aliyeandaa kiolezo mahali nisipopajua, alikuwa ameacha taa inayowaka pale mtu anapojifanya hakuona. Mwaka 2021 hakukuwa na taa. Basi nikaandika: neno likiwa Sijui, lichapishwe lilivyo, pamoja na sentensi nzima, mipasuo yake yote, na namba ya mstari, ili mtu arudi kwa msemaji. Kuanzia hapo matokeo yangu yana safu tatu, na mara nyingi safu ya tatu ndiyo inayonirudisha Kalundu na daftari.

Zikabaki faili nilizodhani ni za mapambo. Package.yaml ilikuwa na nafasi iliyoandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "jina la mwandishi hapa". Leseni nayo ilikuwa na maneno hayo hayo, pamoja na ruhusa ya kila mtu kutumia, kunakili na kubadilisha kilichomo, mradi ataje mwenye haki. Ni leseni nzuri kwa msimbo, na niliiacha. Lakini nilikuwa nimeweka nukuu za watu ndani ya folda ile ile. Kama ningeupeleka mradi mtandaoni ulivyo, ningekuwa nimewaruhusu watu wote duniani kuyabadilisha maneno ya wanawake wa Kalundu, kwa jina langu, kwa sababu tu kiolezo kilikuwa na leseni na mimi nilikuwa na haraka. Nilizitoa nukuu nikaziweka folda yake. Humo niliandika majina ya wasimulizi, tarehe, mahali, na kile ambacho kila mmoja alikubali kifanywe na maneno yake. Jina la shangazi limo, kwa ruhusa ya wanawe. Hapa jaridani sikuliomba, kwa hiyo silitaji. Kwenye nafasi ya mwandishi wa programu niliandika jina langu, nami naona ndipo lilipostahili: kwenye makosa yangu na masahihisho yake.

Katika README niliandika programu ni ya lugha gani. Orodha ya kimataifa ya lugha inakipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, na Kiswahili cha pwani swh. Nilipoandika herufi hizo tatu nilimkumbuka yule mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeona haya. Kulikuwa na mahali pa kuandika batu bila kuomba radhi, naye hakujua.

Mwisho wa likizo nilirudi kwa binamu yangu na kompyuta. Nilimwonyesha jinsi inavyofanya kazi kwa rekodi mpya nilizochukua Kalundu kwa idhini ya wauzaji, safari hii nikiwa nimehifadhi sauti mahali pawili. Kisha nikaipa faili ya mama yake. Ilifika kwenye alinipa mafuta ikapita bila kusema lolote. Haikuwa na la kusema, kwa kuwa neno halina aka, niliiondoa mimi. Nikamweleza hivyo, waziwazi, kwa mara ya kwanza: kwamba mama yake alisema kitu na mimi ndiye niliyekifuta.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mimi mama alinipakaka mafuta kila asubuhi mbele niende ku masomo. Mikono yake ilikuwaka na harufu ya ndagala."

Mtu mwingine angesikia kumbukumbu tu. Mimi nilisikia kumbukumbu, na pia nilisikia neno ambalo sikulifikiria: alinipakaka. Mzizi ni -pak-, kisha -ak-. Kupaka kwa mazoea kuna ka mbili. Kama shangazi angesema neno hilo, amri yangu ya 2021 ingekata ka moja tu, na kwenye faili lingebaki alinipaka. Halikubaki. Kwa hiyo zimebaki njia tatu: bibi alimpa mafuta siku ile, au alimpa mara kwa mara, au alimpaka siku ile. Nilimwambia binamu yangu hivyo. Akauliza kama naweza kuziandika zote tatu chini ya sentensi. Nikaziandika, na tarehe, na jina la aliyefuta.

Usiku ule niliongeza jaribio la kumi na tatu: alinipakaka ni Mazoea, mzizi wake -pak-. Nikaliendesha. Likashindwa. Programu ilikuwa imeona -paka, ikakimbilia Sijui kabla ya kuhesabu ka ya pili. Nilirekebisha mistari minne, jaribio likafaulu, na safari hii nilijua kwa nini.

Wenzangu wengi watakwenda uwandani mwaka huu. Si lazima mwandike Haskell. Lakini anzeni na kiolezo chochote mtakachopewa, kiwe dodoso, orodha ya maneno au folda ya kompyuta, kwa kukisoma chote kabla ya kukijaza. Ombeni kiwe na mahali pa Sijui. Na kile mtu alichokisema, kiacheni kama alivyokisema, kwenye faili ambayo hata ninyi hamwezi kuiandikia.